Bitiruti Nne za Kwenda Baridini

Mama,

Leo nimezichimba. Ni nne tu. Nilipekua udongo kwa vidole kama ulivyokuwa ukifanya, nikazishika mabegani, chini ya majani, nikazizungusha kidogo ndipo nikavuta, na hakuna hata moja niliyoikwaruza. Sasa ziko hapa kwenye ngazi ya mlango wa jikoni yako, juu ya gunia, zikikauka kabla sijazifunga. Ni Jumapili, saa tisa alasiri. Njeru amelala kwenye kochi lako na redio inajiongelesha. Nimeona nikae hapa nikuandikie, kwa sababu kuna jambo nililifanya siku tulipokuwa tunakuandalia mazishi, na sijawahi kulisema mbele ya kaburi lako, ingawa kila Jumamosi napita hapo nikienda kumwagilia.

Lakini kwanza habari za nyumbani, maana ungeanza kuuliza hizo. Ng'ombe alizaa ndama jike. Mti wa makadamia ulio karibu na choo ulivunjika tawi kubwa kwenye upepo wa Novemba na Njeru bado hajalikata, anasema atalikata, unamjua kijana wako. Yule kuku wako mweusi mkali yuko hai na bado ananichukia. Kikundi chenu cha akina mama cha kanisani walinipa kitenge chako cha sare wakaniambia nije nikae mahali pako. Nilikivaa mara moja. Kilinibana mabegani na nikalia katikati ya wimbo, sijarudi tena. Mama Ndwiga wa ng'ambo ya ua bado anakuja saa nne kunywa chai. Njeru anasema wiki mbili baada ya kukuzika alimkuta amekaa kwenye stuli yako, peke yake, hana kikombe, anaangalia tu bustani. Tangu siku hiyo Njeru humpikia chai, na unajua chai ya Njeru ilivyo.

Mimi je? Mimi ni yule yule. Nimezidi kunenepa kidogo. Kitu kilichobadilika kwangu ni kwamba hakuna mtu anayeniita Mama. Pale Majimbo, mjini Embu, ninapopanga naitwa Mwalimu. Shuleni, Mwalimu. Mtoto sina, na tulilizungumza hilo mimi na wewe mpaka tukaacha kulizungumza. Ni wewe tu uliyeniita hivyo, kwa kuwa nilizaliwa msichana wa pili, baada ya yule ambaye hakufikisha mwaka, na nikapewa jina la mama yako wa kule Kianjai. Kagendo. Tangu siku hiyo ukawa huwezi kunitaja bila kumtaja mzazi wako, ukaniita Mama nikiwa bado nanyonya. Wageni walikuwa wakitusikia tukigombana jikoni, Mama huyu na Mama yule, wasijue nani kamzaa nani. Tata Karimi, mdogo wako, angeweza pia kuniita hivyo, maana ni mama yake vilevile, lakini yeye tangu nilipoanza kufundisha ameniita Mwalimu, kwa mzaha, na mzaha ukakaa.

Tata Karimi ndiye aliyekuletea mbegu, unakumbuka. Alishuka kutoka Timau siku moja ya mvua, akiwa na koti zito ambalo huku kwetu Karurumo linamfanya mtu atoe jasho, akafungua kitambaa chake akatoa mbegu zilizosokotwa kwenye karatasi. Kule juu alikuwa akifanya kazi katika shamba la mboga za kupeleka nje, na zilizobaki chini ya pakiti waliambiwa wachukue wanaotaka. Ulizipanda ukijua ni bitiruti, basi. Ulipong'oa ya kwanza ulidhani imeharibika. Uliipeleka kwa bomba, ukaisugua, ukaikata, na ndani ilikuwa ya njano kama kiini cha yai la kuku wa kienyeji.

Mama Ndwiga alicheka mpaka akashika ua. "Ngai! Sasa hii itaongeza nini mwilini? Si inaongeza mkojo tu!" Na wewe ulicheka pia, lakini nilikuona umeishika kwa mikono miwili, hukutaka kumpa aiguse. Kuanzia siku hiyo ukawa mtu wa bitiruti za njano. Zilizokuwa nyekundu uliziacha zikaisha, hukupanda nyingine.

Ulizitunza kuliko ulivyotutunza sisi, nilikuambia hivyo na ukanitupia kitambaa cha sufuria. Uliloweka mbegu usiku mmoja kwenye kikombe kilichovunjika mkono. Ulizipanda kwa kipimo cha kidole, pingili moja tu, hapana zaidi. Ulitandika nyasi kavu juu na kuziondoa kila asubuhi kuchungulia, kama mtu anayechungulia mtoto mchanga. Za njano ni wavivu wa kuota, ulisema, ukipanda kumi shukuru sita. Na kwa kuwa kila mbegu hutoa miche miwili mitatu iliyoshikana, ulikuwa unaipunguza kwa kukata na kucha, usivute, maana ukivuta mmoja umewasumbua wote. Samadi mbichi hukukubali iwekwe hapo kabisa. Jivu uliweka. Nilikuwa nasimama na simu yangu mkononi nikikusikiliza kwa sikio moja.

Halafu damu yako ikaanza kupungua.

Nesi wa kliniki alisema ule mboga za majani, maharagwe, maini, na bitiruti. Mama, hapo ndipo nilipoingia wazimu. Huku kwetu nani asiyejua bitiruti huongeza damu? Mtu akijifungua, bitiruti. Mtu akitoka kupasuliwa, bitiruti. Na kila mtu akisema bitiruti anamaanisha nyekundu, ile inayotoa maji ambayo ukiyaona unasema naam, hii ni damu. Mimi nafundisha sayansi darasa la sita. Mtoto akiniandikia kwamba chakula chekundu hugeuka damu kwa sababu ni chekundu, ninamtia mkasi wa kosa na kumwita mezani. Lakini mtoto huyo mama yake hakuwa ameanza kuishiwa na pumzi akitoka jikoni kwenda choo.

Kila Jumamosi nilikuja na mfuko wa nyekundu kutoka soko la Embu. Nilisaga kwa blenda niliyokununulia, nikachuja, nikajaza jagi, nikakaa mbele yako mpaka umalize kikombe. Ulifumba macho ukinywa. Kila mara ulifumba macho. Nilidhani unadeka, nikakuambia hivyo, "Mama, wacha kudeka, kunywa." Na ukanywa.

Halafu chakula kikipakuliwa unaniwekea vipande vya njano pembeni ya mukimo wangu wa viazi. Umevichemsha na ngozi, ukavimenya vikiwa vya moto, ukavikata mviringo. "Onja tu, Mama. Hii ni tamu, haina ule udongo." Nami navisukuma kwenye ukingo wa sahani kwa kijiko. Siku moja nilikujibu vibaya. Nilisema, "Hii ni ya mapambo. Ungekuwa unakula ya ukweli usingekuwa umepauka hivyo." Uliichukua sahani yangu ukavila wewe, kimoja kimoja, ukiangalia dirishani.

Kila Mei ulikuwa unapanda kwenda Timau kwa Tata Karimi na kiondo kizito, na hilo pia nililigombania. Mwaka wa mwisho wa kwenda ulikuwa tayari umedhoofika. Nilikuuliza ndani ya kiondo kuna nini cha kukuua njiani, ukasema ni zawadi ya mdogo wako. Nikanuna. Sikufunua kiondo.

Mei iliyofuata hukwenda popote. Ulikuwa wodini.

Daktari aliniita pembeni siku nne kabla hujatuacha. Alikuwa mpole, kijana tu. Aliniambia mifupa yako imeacha kutengeneza damu na kwamba hiyo tunayokuongezea ni ya kukupa siku. Nikamuuliza juu ya bitiruti. Akanitazama, akasema, "Mwalimu, hata angekula gunia zima, ya rangi yoyote, haingesaidia. Si makosa ya chakula." Nilimsikia. Nataka ujue kwamba nilimsikia na nilielewa. Ndiyo maana nilichofanya baadaye siwezi kukiita ujinga.

Siku mbili kabla ya mazishi wanaume wa kijiji walikuja kusafisha kiwanja. Unajua inavyokuwa, kila kitu hufyekwa ili watu wapate pa kukaa. Wakaweka nguzo za hema, ikaonekana upande mmoja unaingia kwenye bustani yako ya nyuma ya jikoni. Njeru akaniita. "Sasa tenti itaingia aje? Hii bitiruti ya Mama tufanye nini? Tunaweza sukuma tenti huku kwa ng'ombe, lakini watu watakaa kwa jua." Ilikuwa rahisi kusema sukumeni. Alikuwa ananingoja niseme sukumeni, alikuwa ameshashika kamba.

Nikasema, "Ng'oeni zote."

Akaniuliza tena, "Zote?" Nikasema zote, na nikamwambia awape ng'ombe. Nilitaka kukasirikia kitu, Mama. Daktari sikuweza, Mungu niliogopa, wewe ulikuwa mochari. Zile za njano zilikuwa hapo, zimenenepa, mabega yamechomoza juu ya udongo, na mimi nilizitazama nikasema moyoni, ninyi ndio mliomdanganya. Nilisimama mpaka mtaro wa mwisho. Majani akina mama waliyachukua wakapika pamoja na spinachi ya waombolezaji, na watu walikula wakasifu mboga. Mizizi ng'ombe alitafuna mbele yangu. Aliifurahia sana.

Tata Karimi alifika jioni ile na koti lake. Alilia langoni, akalia mlangoni, akalia juu ya kitanda chako. Akatoka nje kupumua, akazunguka nyuma ya jikoni, akarudi. Sauti ilikuwa ndogo kabisa. "Mwalimu, na zile za kupanda juu ziko wapi? Mwaka huu hakuleta. Nilikuja na kiondo nizichukue mwenyewe."

Ndipo nikaelezwa kile ambacho mwanao alipaswa kujua. Kwamba bitiruti ukila imeisha, ukitaka mbegu lazima uirudishe ardhini nzima nzima, na isipopigwa na baridi kali haitoi maua hata uingoje miaka. Huku Karurumo hakuna baridi hiyo. Kwa hivyo kila Mei ulikuwa unachagua nzuri zaidi, unazikata majani ukiacha kijimoyo cha katikati, unazifunga kwa majani makavu ya mgomba, na kuzipeleka kwa mdogo wako karibu na msitu, zikae Juni, Julai na Agosti kwenye ardhi inayouma vidole. Baadaye zinasimama juu kama mtu, zinachanua, na Januari Tata anazikausha na kukutumia mbegu. Mwaka ule wa mwisho wa kwenda, baridi haikutosha au ilitosha kupita kiasi, zilioza karibu zote. Mbegu alizokutumia ulizipanda karibu zote kwenye ile bustani. Tata alikuwa hajabakiza hata moja. Mimi niling'oa kila kitu kilichokuwepo cha kwako cha aina hiyo, Mama, kwa hasira ya dakika kumi.

Sikumwambia kwamba ni mimi. Nilisema, "Wanaume walisafisha kiwanja." Njeru alikuwa amesimama pale. Alinitazama, na mpaka leo hajawahi kulitaja.

Kuna jambo la pili Tata aliniambia, siku ya pili baada ya kukuzika, tukiosha masufuria ya kukodi. Aliniuliza kama nilikuwa najua kwa nini ulizipenda za njano. Nikasema kwa utamu. Akatikisa kichwa. Akaniambia Baba alipokufa tulikuwa shuleni, mimi na Njeru, na kwamba kidonda chake cha tumbo kilipopasuka alitapika damu ndani ya beseni, na wewe ulikuwa peke yako naye. Ulimshika kichwa mpaka mwisho. Halafu ukaosha beseni, na sakafu, na ukuta, haraka, kabla hatujarudi, ili tusione. Akasema tangu wakati ule ukichemsha bitiruti nyekundu na maji yake yakageuka, unatoka nje. Nami nilikuwa nakujazia kikombe. Nilikuwa nakaa mbele yako kuhakikisha umemaliza. Na wewe ulifumba macho ukanywa, kila Jumamosi, ili mimi nirudi Majimbo nikiamini kuna kitu nimefanya.

Kwa nini hukuniambia? Nimekuuliza hivyo mara nyingi mwaka huu, nikipiga vyombo jikoni kwangu. Nimekukasirikia hata wewe. Kisha najijibu, ungeniambia saa ngapi, nilikuwa nimekuja na blenda.

Julai tuligawa nguo zako. Tata alishuka tena, wakaja na wale binamu wa Kianjai, kila mtu akachukua kitu. Lile sweta lako la kijivu la kwenda bustanini hakuna aliyelitaka, lina matundu kwenye viwiko, nikalichukua mimi. Nilipolikunja nilisikia kitu kikikwaruza mfukoni. Ilikuwa karatasi iliyosokotwa, imelowa na kukauka mara nyingi. Ndani kulikuwa na mbegu kumi na saba. Nilizihesabu kwenye kiganja, nikazihesabu tena kwenye sahani. Zilikuwa zimebaki tu, sijui ulizisahau au ulizibakiza. Napenda kuamini ulizibakiza.

Nilingoja mvua za Oktoba. Bustani yako ilikuwa imekanyagwa na watu mpaka ikawa ngumu kama barabara, nilipoipiga jembe mikono ilinitoka malengelenge. Njeru alinitazama siku ya kwanza, ya pili akaja na jembe lake. Nililoweka mbegu usiku mmoja kwenye kile kikombe kisicho na mkono. Nilipima kwa kidole. Nilitandika nyasi na kila Jumamosi nilikuwa nikishuka kwenye gari nakwenda moja kwa moja kuchungulia kabla hata ya kusalimia watu.

Zilizoota ni saba. Vijiti vya njano, vyembamba, na Mama, nilipiga magoti hapo kwenye tope na nguo zangu za kutoka. Mama Ndwiga aliniona akadhani nimeanguka, akaja mbio. Nilipomwonyesha hakucheka. Alisema, "Hizo ni za binti yako," maana alijua tulivyoitana mimi na wewe, akakaa chini kando yangu. Wiki iliyofuata funza wa kukata miche alilaza miwili, nikakumbuka jivu, nikaweka nimechelewa. Mmoja ulichokorwa na kuku wako mweusi, na ningemchinja siku hiyo kama Njeru hakuniomba. Zikabaki nne. Nne zile nimezitunza tangu hapo. Njeru alimwagilia Jumanne na Ijumaa bila kukumbushwa, na najua utasema naongopa.

Januari zilikuwa tayari za kuliwa. Nilizitazama mabega yale yakichomoza na mate yakanijaa mdomoni, kwa kweli. Katika maisha yako yote pamoja na hizo bitiruti, sikuwahi kuweka kipande kimoja mdomoni. Miaka mitatu ulinipakulia. Nikasema, basi nitaacha tatu za mbegu, moja nitaila siku ya kumbukumbu yako, nitaichemsha na ngozi, nitakaa kwenye ngazi hii, na nitajua ulichokuwa unataka nijue. Nilikuwa nimeshaichagua, ile ya pili kutoka ukutani, si kubwa sana. Nimeiwazia miezi minne. Nikiwa darasani nasahihisha vitabu naiwazia.

Siku ya kumbukumbu ni kesho. Jana nilimpigia Tata Karimi kumwambia nakuja juu na tatu. Kwanza nilimwambia lile jambo. Nilisema, "Tata, si wanaume. Ni mimi niliyesema zing'olewe." Akasema, "Nilijua. Njeru hawezi ng'oa kitu bila kuambiwa na wewe."

Akaniuliza tatu kwa nini, si zilikuwa nne. Nikamwambia nataka kuonja moja. Akanieleza taratibu, kama mimi ndiye mwanafunzi, kwamba bitiruti moja haijizalishi, lazima ipate vumbi la maua kutoka kwa mwenzake, na kwamba tatu ni chache mno, baridi ikiua mbili umebaki na moja imesimama na maua yake bure. Hata nne ni za kuombea. Alisikia nalia. Akasema, "Ziende zote, Mama."

Aliniita Mama. Hajawahi. Sijui kama alijua amesema.

Kwa hivyo zinakwenda zote. Nimezipunguza majani kama alivyonielekeza, nikabakiza kijimoyo cha katikati. Kiondo ni kile kile chako, mkono mmoja nimeushona. Majani ya mgomba Njeru alinikatia asubuhi kabla ya kulala. Kesho nitapitia kaburini kwako kwanza, halafu Runyenjes, Chuka, Meru, mpaka juu kwa Tata. Shuleni nimeomba ruhusa ya siku moja. Nitazipanda kwa mkono wangu, karibukaribu ili zionane, kisha nitaziacha kwenye baridi na kurudi huku, na hilo la kuziacha naliogopa, Mama. Nimeshafukia kitu kimoja mwaka jana nikarudi nyumbani mikono mitupu.

Nilipokuwa nakata majani kisu kiliteleza kikaigusa ile yangu, ya pili kutoka ukutani. Kidogo tu, begani. Ilitoa tone moja la maji ya njano, angavu. Lilikaa kwenye kidole changu. Ningeweza kulilamba, nani angejua? Nililiangalia mpaka likakauka. Kisha nikapaka jivu kwenye jeraha ili isioze.

Nisamehe kwa kikombe. Nisamehe kwa sahani. Nisamehe kwa siku ya hema. Naandika tatu, najua ni zaidi.

Nakuahidi hivi. Mbegu zikija, nitazipanda nyuma ya jikoni hii, na nitagawia Mama Ndwiga na Njeru na Tata ili mtu mmoja mwenye hasira asiweze tena kumaliza kila kitu. Na zitakapokomaa, nikishatenga za kurudi baridini, nitachemsha moja na ngozi yake. Nitaimenya ikiwa ya moto. Nitaikata vipande vya mviringo, nitaviweka pembeni ya mukimo, na sitasukuma kitu. Mpaka siku hiyo sitaionja, hata wakiniuzia mjini, hata nikizikuta kwa mtu mwingine. Nitangoja ya kwako.

Jua limeshuka kwenye ua. Njeru ameamka, anauliza kama kuna chai. Lala salama, usihangaike na baridi ya kule juu, nitazifunika mizizi vizuri.

Ni mimi,
Mama.